Kuziba bodi ya mawimbi nyumbani, Malindi: shajara ya kazi

12 Julai: kuangalia uharibifu

Bodi (ubao wa kuteleza juu ya mawimbi) ni ya futi saba na inchi mbili, mkono wa pili, nilinunua elfu kumi na nne kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ndani povu la poliurethani, juu faiba na rezini ya poliesta, yaani ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Bahari haijaifanya kitu. Iliumizwa na bodaboda, yaani mimi nimekaa nyuma nimeikumbatia bodi kwapani, jamaa akajipenyeza katikati ya tuktuk na nguzo ya stima, sisi tukapita, bodi haikupita.

Majeraha ni ya aina tatu. Ubavuni karibu na mkia kuna tundu la kuingia kidole gumba, povu liko nje nje. Kwenye pua kuna ufa wa kama sentimita tano, mwembamba, ukiangalia haraka hauuoni. Halafu mgongoni pale visigino vinapokaa kuna mabonde madogo madogo, hayo siyagusi kabisa na wewe usiyaguse, ni faiba imebonyea tu haijapasuka, maji hayapiti. Kujua kama imepasuka pitisha ukucha polepole, ukikwama hapo pana ufa. Au bonyeza na kidole uone kama panatoka jasho la maji. Kwenye pua palitoka.

Na palitoka kwa sababu baada ya ile ajali nilibandika selotepu nikaendelea kuingia nayo majini, si unajua kusi ndo msimu wenyewe, mawimbi ya ghubani ndo haya ya Julai mpaka Septemba, nani atakaa nyumbani. Selotepu ilishika kama robo saa. Povu pale tundu lilipo limeshageuka rangi, manjano inayoelekea kahawia.

Fundi mmoja wa boti za faiba alitaka 3,000 kwa tundu peke yake, pua tutaelewana baadaye. Nikasema ngoja nijaribu mwenyewe na niandike gharama zote hapa.

13 Julai: jua povu lako kabla hujanunua rezini

Hii hatua watu wanairuka halafu wanalia. Bodi ziko za povu aina mbili. Kuna hili langu, laini, chembe zake hazionekani, linazeeka kuwa manjano. Na kuna lile jeupe la punje punje, ndugu wa lile linalokuja kwenye katoni za TV, bodi zake ni nyepesi na zimefunikwa kwa epoksi, rezini ya aina nyingine. Rezini ya poliesta ina staini (styrene, kiyeyushi) ndani yake na staini inalila lile povu la punje. Ukiimwagia rezini ya boti unapanua tundu badala ya kuliziba.

Kipimo ni cha shilingi mia. Nilinunua asetoni ya kutolea rangi ya kucha (soma chupa, ziko zisizo na asetoni hazifai), nikaweka kidogo kwenye vifuniko viwili vya soda. Kimoja nikatia chembe ya povu la katoni, kingine chembe niliyoing'oa kwenye tundu langu. Ile ya katoni ilitoa vipovu, ikanywea, ikabaki ute mweupe chini ya kifuniko. Yangu ilikaa pale pale na umbo lake, nikaitoa na kijiti ikakauka ikawa vile vile. Kwa hiyo mimi ni poliesta, rezini ile ile ya mafundi wa boti, na kwa pesa hiyo ni habari njema manake epoksi bei yake iko mbali.

Jamaa yangu ana bodi ya punje, nayo ina tundu, alikuwa amekaa hapo anaangalia kile kifuniko cha kwanza akanyamaza. Alikuwa ameshanunua rezini.

Jioni nikatoa nta, ile inayopakwa mgongoni mwa bodi ili miguu isiteleze. Dakika chache juani ilainike, kwangua na kadi ya benki iliyoisha muda, malizia na kitambaa chenye asetoni kidogo. Usitumie mafuta ya taa hata kama yanatoa nta haraka, yanaacha utelezi na rezini ikija juu inakimbia inaacha vimacho vimacho.

20 Julai: kukausha, na kwa nini haikukauka

Wiki nzima bodi imesimama ukutani kivulini na leo bado ina maji. Hapa ndo nitaandika kirefu kwa sababu mambo ya kupaka ni ya mchana mmoja, ila ukiziba maji ndani umeharibu bodi, povu linaoza, faiba inaachana nalo, na jua likipiga ile unyevu inatafuta pa kutokea inavimbisha ngozi.

Nimejuaje ina maji wakati kwa kidole panahisi pakavu? Kata kipande cha nailoni safi inayoonyesha, bandika juu ya tundu uzibe pande zote na maskintepu, weka bodi kwenye jua la asubuhi kwa muda wa kama saa moja. Ukiona ukungu au matone kwa ndani ya nailoni, bado. Mimi niliona matone ya kuhesabika, yamejipanga upande wa juu.

Kulikuwa na sababu tatu, nimezigundua moja moja.

Kwanza chumvi. Povu lililokunywa maji ya bahari likikauka maji yanaondoka chumvi inabaki, na chumvi inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani msimu huu wa kusi ni maji matupu, hata chumvi ya jikoni inaganda kwenye mkebe. Nilikuwa nimesuuza, ndio, lakini kwa maji ya kisima chetu ambayo ukinywa unajua kabisa bahari haiko mbali. Nikanunua dumu la maji matamu, 30, nikamimina kidogo kidogo tunduni, nikakausha na kitambaa kwa kubonyeza, nikarudia mpaka nikionja (eeh nilionja) hakuna ladha.

Pili, tundu lilikuwa linaangalia juu. Bodi nimeisimamisha mkia juu, kwa hiyo maji yaliyoko ndani yanashuka kuelekea tumboni badala ya kutoka. Nimegeuza, tundu sasa liko chini kabisa, na chini yake gazeti. Usiku ule ule gazeti likalowa duara la kikombe.

Tatu, povu la kahawia. Hilo halikauki kwa maana ya kukauka, limeshakufa, ni la kukata. Kisu cha kukatia karatasi, kata kwa mshazari mpaka ufike kwenye povu lenye rangi safi. Tundu lililokuwa la kidole gumba sasa ni la vidole viwili na inauma kuangalia, ila ndo hivyo.

Jua kali usiliamini. Kukausha kivulini penye upepo na feni usiku (stima ikiwepo) ni polepole lakini bodi haiharibiki. Na usiiache ndani ya gari.

Mzee jirani, fundi wa mashua, alipita akaniuliza nafanya nini na feni. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, sisi mashua ikikaa pwani sana mbao zinakauka zinaachana, inabidi inywe maji ivimbe ndo kalafati, pamba ya kuzibia nyufa, ishike. Chombo chenu kikinywa kinakufa?" Nikamwambia ndio mzee. Akatikisa kichwa akaenda zake, kesho yake akaniletea mizani ya samaki, ile ya kuning'iniza. Bodi ilipima kilo 4.2.

26 Julai: kujaza tundu

Mizani inasema 4.0 na imegoma kushuka tangu juzi, nailoni haina ukungu. Tunaanza.

Manunuzi: rezini ya poliesta kilo moja na hadina yake (dawa ya kuigandisha) 850, mati ya faiba nusu mita 250, misasa 240, maskintepu 120, selotepu pana ya kufungia katoni 100, brashi mbili 100, glovu 60, barakoa 150, siringi mbili za duka la dawa 40. Siringi ziweke akilini.

Jambo la hatari kabla sijasahau. Maduka mengine rezini haijachanganywa kila kitu, wanakupa chupa mbili pembeni, moja ya zambarau ambayo ni kobalti na moja haina rangi ambayo ndo hadina. Hizo mbili zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone, zinaweza kuwaka au kulipuka. Kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa vizuri, halafu ndo hadina. Yangu ilikuwa imeshatiwa tayari, rangi ya waridi iliyofifia. Na hadina ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, vaa miwani ya kukinga macho, weka maji karibu.

Muuza duka aliniambia hadina ni "kifuniko kimoja". Kifuniko kimoja cha rezini kiasi gani? Hakusema. Nikatia kifuniko kwenye gramu hamsini ndani ya kikopo cha mtindi, nikakoroga, nikageuka kuchukua brashi, kurudi naona imeshakuwa jeli, kikopo kinachoma mkono, kinajikunja upande mmoja, moshi mweupe unatoka unanuka mpaka watoto wakaja kuangalia. Nikakisukuma mchangani kikapasuka chenyewe.

Kifuniko kile nilikipima baadaye na siringi, kinashika mililita tano. Kiwango cha kawaida ni asilimia moja mpaka mbili, yaani gramu hamsini zinataka nusu mililita mpaka moja. Nilikuwa nimetia karibu mara tano ya kile cha juu kabisa. Kwa hewa yetu ya nyuzi ishirini na nane hivi nimekaa kwenye mililita 0.7 kwa gramu hamsini, inanipa kama robo saa ya kufanya kazi. Usishuke sana chini ya asilimia moja ukidhani unajipa muda, inaweza isigande kabisa na kuikwangua ni adhabu. Na ukishachanganya usiiache imejazana kikoponi, joto linajilimbikiza, mimina iende kazini.

Sasa kujaza. Rezini tupu ni nzito na inapasuka ikiwa nene, lazima uitie kitu chepesi. Wenyewe wanatumia unga maalum wa vipovu vya kioo, hapa sikuupata. Puti ya gari nimeikataa, nzito, inakunywa maji, na kwenye bodi hii hii kuna kiraka cha zamani cha puti karibu na pezi ambacho kimeshaanza kuachia ukingo. Nilichofanya ni kuchukua kipande cha bodi iliyovunjika katikati (nusu yake ilikuwa imetupwa nyuma ya banda la wavuvi), nikaipima na asetoni kwanza kuhakikisha ni povu aina yangu, nikaisugua kwa msasa wa 80 (namba ya ukwaruzi wake) nikapata unga mweupe kikombe kizima. Barakoa tafadhali. Unga nikauchanganya na rezini mpaka uji uwe mzito wa kusimama kwenye kijiti.

Ukingoni mwa tundu nilisugua faiba ya zamani na msasa wa 80 kama sentimita tatu kuzunguka ili rezini ipate pa kushika, kisha maskintepu nje ya hapo. Tundu liko ubavuni kwa hiyo uji unataka kumwagika, nikajenga ukuta na selotepu pana kufuata ule mviringo wa ubavu. Hiyo selotepu rezini haiishiki, inabanduka safi.

Ilipoganda ikazama katikati kama milimita mbili. Poliesta inanywea ikiganda, kwa hiyo jaza ipite kidogo usawa, usijaze sawasawa. Nikaongeza tabaka la pili.

27 Julai: faiba, na gundi isiyokauka

Mati ya boti ni nene mno kwa bodi. Bodi zinatengenezwa kwa kitambaa cha faiba kilichofumwa, chepesi, huwa gramu mia moja na kitu mpaka mia mbili kwa mita ya mraba, na hii mati ya dukani ni 450, nyuzi zimetupwa tupwa ovyo. Nilipoiweka kama ilivyo kwenye ufa wa pua ikatoa nundu kama bodi imeota jipu. Nikaitoa ikiwa mbichi bado.

Dawa yake: chana mati kwa mikono, usikate na mkasi. Inaachana matabaka, chukua tabaka moja jembamba karibu uone vidole upande wa pili, na kingo zake zikiwa na manyoya manyoya zinalala vizuri kuliko kingo za mkasi. Weka kavu kwanza uone kinavyokaa, halafu paka rezini chini, laza faiba, na brashi iwe ya kudonoa, dop dop dop, usipige deki, ukipiga deki nyuzi zinakuja na brashi. Inapoloa weupe unapotea inakuwa kama kioo. Pale penye weupe pana hewa, donoa tena. Tabaka mbili ubavuni, moja puani.

Na kwa jamaa yangu wa epoksi: mati ya aina hii usiichukue, gundi inayoshika zile nyuzi inataka staini ya poliesta kuyeyuka, ndani ya epoksi inabaki kama ilivyo. Tafuta kitambaa cha kufuma.

Jioni imeganda ngumu lakini juu inanata. Nikangoja usiku mzima. Asubuhi inanata. Nikapitisha msasa ukajaa utomvu kwa mpito mmoja, msasa wa shilingi arobaini umekwenda.

Kumbe si kasoro. Rezini ya kulaza faiba haigandi ile ngozi ya juu kabisa inayogusa hewa, oksijeni inaizuia, na ni makusudi ili tabaka linalofuata lishike. Inayokauka kabisa ni ile iliyotiwa nta kidogo, nta inapanda juu wakati wa kuganda inafunika hewa isiingie. Mafundi wa boti wanaita tu "ya mwisho". Nilikwenda kwa yule yule wa 3,000, hakukasirika, akanimiminia maji ya nta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi bure, inatiwa kama asilimia 2 mpaka 5. Usitie nta kwenye matabaka ya ndani, la juu yake halitashika mpaka usugue.

Kama huna maji ya nta na kiraka ni kidogo, funika na selotepu pana ikiwa mbichi, ukibandua inatoka kavu na laini. Nimejaribu kwenye pua, inafanya kazi.

2 Agosti: koti la mwisho na msasa

Koti la mwisho nililipaka jioni kwa sababu mchana upepo unaleta mchanga na kuku wa jirani hawana adabu. Asubuhi likawa gumu kavu, kidole kinateleza.

Msasa: 80 kwa nundu, 120, 240, mwisho 400 na maji. Usishike msasa kwa vidole, vidole vinachimba mifereji ambayo huioni mpaka jua la pembeni. Mbao nayo ni ngumu sana kwa ubavu wa mviringo. Nilikata kipande cha soli ya ndara iliyokatika mkanda, ina ugumu wa kutosha na inajipinda kufuata umbo, nimeipenda kuliko kile cha dukani. Ukiona nyuzi za faiba zinatokeza simama hapo hapo, umeshavuka koti. Mimi ilinitokea sehemu ndogo chini ya ubavu, nikapaka tena kikoti chembamba.

Vumbi la faiba linawasha kichizi. Oga maji ya baridi kwanza, na kwenye mikono bandika na ubandue maskintepu inabeba vile vijiti. Shati ulilovaa lifuliwe peke yake.

Jumla ya fedha mpaka sasa ni 2,080 ukihesabu asetoni, maji na msasa wa ziada, na rezini imebaki zaidi ya nusu. Ukipiga saa nilizokaa kwenye kibaraza huyu fundi ni bei rahisi, tusidanganyane. Ila kwenye ule ubavu sijui kama angesubiri ikauke, alitaka kuziba siku ile ile.

10 Agosti: majini

Niliacha wiki ili rezini ikomae. Mizani kabla: 4.1, hiyo nyongeza ni rezini yenyewe na faiba. Nikaingia asubuhi, maji ya ghuba yametibuka huoni hata mguu wako, mawimbi ya kifuani. Sikuhisi tofauti yoyote ya mwendo. Nimetoka, nikaisuuza maji matamu, nikaifuta, nikaipima tena: 4.1.

Kiraka kinaonekana, waridi kidogo juu ya bodi nyeupe. Rangi ningetia kwenye rezini kabla, sasa nimeacha.

17 Agosti: ukaguzi

Ubavu uko imara, ukigonga na ukucha mlio ni mkavu kama sehemu nyingine. Pua ndo ina neno. Kuna kidoti cheupe cha ukubwa wa punje ya mchele pale kwenye mwisho wa ufa, ni hewa niliyoacha chini ya faiba wakati nahangaika na ile mati nene. Hakijapasuka, ukucha haukwami. Nitakifungua na ncha ya kisu, nidunge rezini kwa siringi, selotepu juu, kazi ya nusu saa, nitaifanya pamoja na kile kiraka cha puti karibu na pezi ambacho lazima kitoke chote.

Bodi ya jamaa bado. Epoksi tuliyoulizia ni 3,200 kwa seti ndogo na hawauzi nusu, anatafuta mwenzake wa kugawana. Yeyote wa Malindi au Watamu mwenye bodi ya punje yenye tundu, anza kuikausha sasa hivi, tundu liangalie chini.